Hapana, Tunashukuru

Nilimwahidi mama mmoja wa Diepsloot kwamba majibu yake hayatapotea. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa banda lake la mabati, viatu nimeshavivaa, kishikwambi kwapani, naye akaniuliza kama kweli nitamweka katika hesabu au nitafanya kama wale walionitangulia, waliosikia lafudhi yake wakauruka mlango na kwenda kwa jirani. Nikamwambia, "Mama, wewe umo. Nimekuandika kwa mkono wangu mwenyewe, na hakuna wa kukutoa." Akasema inshallah. Akaniwekea kiganja kichwani kama anavyowekewa mtoto anayekwenda kufanya mtihani, nami nikaondoka nikiamini kwamba siku ile nilikuwa nimefanya kazi ya haki.

Nilikuja Johannesburg kutoka Tanga kusoma, na nilipomaliza shahada ya takwimu nikaajiriwa katika ofisi ndogo ya utafiti huko Marshalltown, ghorofa ya nne ya jengo ambalo lifti yake ilikuwa imebandikwa tangazo la ubovu tangu kabla sijafika. Wenzangu wengi chuoni walilichagua somo hilo kwa kuzitazamia benki na kampuni za bima. Mimi nililichagua kwa imani. Niliamini kwamba umaskini unadumu kwa sababu haupimwi vizuri, na kwamba siku utakapopimwa, kwa sampuli iliyochaguliwa kwa haki na kwa maswali yaliyoulizwa kwa namna moja kwa kila mtu, hapatakuwa na mwenye mamlaka atakayeweza kusema hakujua. Maneno hayo niliyaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu la kazi. Daftari ninalo bado, ila siku hizi ninalianzia ukurasa wa pili.

Utafiti wenyewe ulikuwa mwepesi kueleza. Shirika moja la hisani lilitaka kufungua majiko ya jamii Diepsloot, makazi ya mabanda pembezoni mwa jiji, watoto wapate mlo mmoja wa moto kila siku, zikiwemo siku ambazo shule zimefungwa. Majiko yalikuwa machache na mitaa mingi, hivyo shirika likaiomba ofisi yetu ionyeshe njaa imekaa wapi zaidi. Tuligawanya makazi yale katika maeneo, tukachagua kaya kwa kura, na kila kaya iliyochaguliwa ikaulizwa maswali yale yale juu ya chakula katika wiki nne zilizopita. Eneo ambalo kaya zake zingejibu "ndiyo" kwa wingi ndilo lingepata jiko. Mhojiwa hakuruhusiwa kuambiwa habari za majiko kabla hajamaliza kujibu, ili mtu asije akajitungia njaa asiyokuwa nayo. Nilipofundishwa kanuni hiyo niliiona ya busara. Hakuna aliyetufundisha la kufanya kwa mtu anayeificha njaa aliyonayo.

Upande mmoja wa makazi, kwenye mteremko wa mtoni, milango mingi ilikuwa ya watu wanaozungumza Kiswahili: Watanzania wenzangu, Wakongo, Warundi. Mkuu wangu wa kazi, mwanamke wa makamo aliyezeeka katika tafiti za namna hii, aliniita mezani kwake akanionyesha ramani. Alisema kwamba watu wa mteremko ule huachwa katika kila utafiti, na wasipoachwa huulizwa kwa lugha wanayoielewa nusu. "Nenda wewe," akasema. "Mtu akiulizwa kwa lugha ya mama yake, husema kweli." Tulizungumza kwa Kiingereza, lakini sentensi hiyo niliitafsiri papo hapo moyoni na nikatembea nayo wiki nzima kama beji. Kaya zote za Kiswahili zilizochaguliwa zikawa zangu peke yangu.

Dodoso lilikuwa na utangulizi wake: jina la utafiti, ombi la ridhaa, hakikisho la siri. Halikuwa na hodi wala shikamoo, na halikusema lolote juu ya kuvua viatu. Hayo niliyaongeza mimi. Niliona aibu kumwingilia mtu mzima nyumbani kwake kwa kumsomea aya, kwa hiyo kila mlango niliufikia kama nilivyolelewa kuufikia, na nikajisifu kimoyomoyo kwa jinsi milango ilivyofunguka upesi.

Mama yule alikuwa fundi cherehani. Mashine yake ilikaa mlangoni pa banda, penye mwanga, na juu yake palikuwa na rundo la sare za shule zilizosubiri kupunguzwa au kuwekwa viraka. Mumewe alikuwa amekwenda Durban kutafuta kazi. Simu zake zilikuwa za kila wiki, kisha za kila mwezi, kisha zikaacha kuja. Mabinti wao wawili walikuwa shuleni asubuhi ile. Nilikuwa sijamaliza salamu alipoondoa mguu kwenye pedali ya cherehani.

"Marahaba. Shikamoo hiyo haikutoka Dar," akasema. "Wewe wa Tanga."

Nikakubali, nikamtajia mtaa wetu. Akapiga makofi. Ulikuwa mtaa wa pili kutoka kwao.

"Basi wewe mwanangu kabisa. Ingia, baba, ingia. Ukisimama hapo na hicho kidude majirani watadhani ni polisi, wataanza kuruka uzio."

Niliketi kwenye mkeka. Kabla sijafungua ukurasa wa kwanza, palikuwa na sahani mbele yangu: chapati mbili na kikombe cha chai ya rangi. Nikamkaribisha tule pamoja, kama inavyopasa.

"Mimi nimefunga," akasema. "Kula wewe."

Ilikuwa Jumatano. Watu wetu wanaofunga sunna hufunga Jumatatu na Alhamisi, na jambo hilo lilinipitia akilini. Nikajijibu mwenyewe kwamba bila shaka analipa siku zake za Ramadhani, kama mama yangu alivyokuwa akilipa katika miezi ya baadaye, bila kutangaza, na bila mtoto wa kiume kuthubutu kumwuliza kwa nini siku hizo zilimpita. Heshima ilinifunga mdomo, na nikala. Zilikuwa chapati laini, zimekunjwa kwa tabaka kama za kwetu, na nilizimaliza zote mbili kwa sababu kubakiza kungekuwa kuzitia dosari.

Kisha nikauliza. Je, katika wiki nne zilizopita, kuna siku ambayo mtu yeyote wa kaya hii alilala na njaa kwa sababu hapakuwa na chakula cha kutosha?

"Hapana, tunashukuru."

Je, kuna siku ambayo mtu yeyote alishinda kutwa bila kula kwa sababu hiyo?

"Hapana, baba. Tunashukuru."

Je, kuna siku mlilazimika kula chakula msichokipenda kwa sababu ya kukosa uwezo?

Hapo alicheka. "Mwanangu, hii pap, ugali wa huku, nani anaipenda? Inakaa tumboni kama saruji." Akapangusa macho kwa ncha ya khanga. "Andika hapana."

Nikaandika hapana. Maswali yote saba yalipata hapana, na mwishoni, katika nafasi ya maoni ya mdadisi, niliandika kwamba mhojiwa alikuwa mchangamfu na ushirikiano wake mzuri sana. Baada ya hapo ndipo nilipomweleza habari za majiko. Akakunja sare iliyokuwa magotini mwake, akaikunjua, akaikunja tena. Ndipo aliponisindikiza mlangoni na kuniuliza lile swali la kuwekwa katika hesabu, nami nikamwahidi.

Milango mingine haikuwa tofauti sana. Banda la tatu kutoka kwake alikaa kinyozi Mkongo, mtu wa kanisa, aliyeniwekea kiti cha wateja wake na kunifunga shuka shingoni kwa mzaha kabla ya kujibu.

"Hapa hakuna mutu analalaka na njaa, ndugu," alisema. "Sisi tunafungaka. Tunafunga na kuomba."

"Mnafunga siku ngapi kwa mwezi?"

"Inategemea namna Bwana anaamua."

Nyuma ya pazia mkewe akaangua kicheko. "Bwana anaamuaka sana wakati unga inaisha!"

Tulicheka wote watatu. Mwongozo wa wadadisi ulisema wazi kwamba mfungo wa kidini usihesabiwe kuwa njaa. Nikabonyeza hapana, na nikaendelea na mlango uliofuata.

Majedwali ya kwanza yalipotoka, mteremko wa mtoni ulionekana kuwa na njaa ndogo kuliko eneo lolote la Diepsloot. Mkuu wangu alilitazama jedwali akainua nyusi, akaniomba niandike aya ya kufafanua. Niliandika ukurasa mzima. Nilieleza juu ya mshikamano wa wageni, juu ya misikiti na makanisa yanayowatunza watu wao, juu ya wanawake wanaojua kupika kidogo kikatosha. Niliandika kwa ufasaha na kwa fahari fulani, kwani hao walikuwa watu wangu. Ule ndio ukurasa unaoniumiza kuliko yote niliyopata kuandika, maana nilikusanya sababu nzuri sana kueleza jambo ambalo halikuwepo.

Katika kazi yetu kila utafiti huwa na marejeo. Kaya chache huchaguliwa tena kwa kura, na mdadisi mwingine huzirudia kwa maswali yale yale, bila kuonyeshwa majibu ya kwanza. Mwenzangu mmoja, binti kutoka Limpopo ambaye hakujua neno la Kiswahili, ndiye aliyetumwa kurudia baadhi ya kaya zangu, kwa Kiingereza chepesi na Kizulu cha mtaani. Kazi ya kulinganisha majibu yake na yangu nilipewa mimi. Nilifungua safu mbili kwenye skrini, yangu kushoto, yake kulia. Kushoto palikuwa na hapana, hapana, hapana, hadi chini kabisa. Kulia palijaa ndiyo.

Nilidhani mafaili yamechanganyika. Nilitafuta namba ya kaya ya mama fundi cherehani, nikaikuta. Saba hapana; saba ndiyo. Nikaenda mezani kwa yule binti nikamwuliza kama alisoma maswali kama yalivyoandikwa.

"Eish, wewe nawe! Nimesoma neno kwa neno."

"Yule fundi cherehani wa mteremkoni. Alikupa chai?"

"Chai?" Alinitazama kana kwamba nimeuliza kama alipewa ng'ombe. "Alinipa kreti ya soda nikaikalia. Hata maji hakunipa. Akaniambia yote moja kwa moja, kama mtu aliye kliniki. Watoto wanakula shuleni. Jumamosi na Jumapili hawana kitu. Yeye mwenyewe siku nyingine hali kabisa ili unga ufike mwisho wa wiki."

"Hakukwambia kwamba amefunga?"

"Kufunga nini?"

Nilirudi mezani kwangu. Niliziona zile chapati mbili waziwazi, tabaka zake, mafuta yake kidogo, na nikajua zilikuwa za nani.

Sitaficha kwamba nilijaribiwa. Faili lilikuwa wazi mbele yangu, na kugeuza hapana kuwa ndiyo ni kazi ya kidole kimoja. Ningeweza kuzigeuza kaya zote za mteremkoni kabla ya chakula cha mchana, na ningekuwa karibu zaidi na ukweli kuliko nilivyokuwa nilipoyakusanya majibu yale kwa uaminifu wote. Lakini nilikuwa nimefundishwa, na ninaamini hata sasa, kwamba mtu akishaanza kuandika majibu ambayo hakupewa, hata yakiwa ya kweli, hakuna jedwali litakaloaminika tena, na wa kwanza kuumia ni maskini yule yule. Nikachapa safu zile mbili, nikampelekea mkuu wangu, nikamweleza yote: shikamoo, mkeka, chapati, na mfungo wa Jumatano.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akavua miwani.

"Jibu la kwanza ndilo jibu," akasema. "Marejeo hayabadilishi jibu. Yanampima aliyeuliza."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mdadisi ambaye marejeo yake yanatofautiana namna hii, mahojiano yake yote yanaondolewa. Ndivyo kanuni inavyosema. Wewe mwenyewe unaijua."

"Lakini yangu ndiyo mahojiano pekee ya Kiswahili."

"Najua."

"Basi turudie. Nipe wiki moja. Tumtume huyu binti wa Limpopo."

"Ripoti inatakiwa Ijumaa. Nilishaomba muda mara mbili." Akayageuza makaratasi kifudifudi, kwa upole, kama mtu anayemfunika mgonjwa. "Ungenyamaza, wangebaki ndani, nao wangekuwa uongo. Umefanya sawasawa."

Nimekwisha kuligeuza neno hilo kwa kila upande. Nilifanya sawasawa. Yeye pia alifanya sawasawa. Ningekuwa mahali pake nisingeamua vingine. Na katika ripoti iliyotoka, mteremko wa mtoni ulipakwa rangi ya kijivu kwenye ramani, rangi ya mahali pasipo na taarifa, na chini ya jedwali pakawa na mstari mmoja wa herufi ndogo uliosema kwamba kaya zilizohojiwa kwa lugha nyingine hazikujumuishwa. Nilipoahidi kwamba hakuna wa kumtoa, sikuwa nimefikiri kwamba wa kumtoa nitakuwa mimi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Diepsloot. Nilitoka asubuhi bila kula, na kufika kwangu ilikuwa mchana. Mabinti wake walikuwa nje wakiruka kamba na wenzao, wakihesabu kwa Kizulu. Mama alikuwa kwenye mashine yake. Nilimwamkia, nikakaa kwenye mkeka, nikamweleza kilichotokea, bila kujitetea. Aliendelea kushona nusu ya maelezo yangu, kisha akaacha.

"Kwa hiyo simo."

"Humo, mama. Nisamehe."

"Na jiko?"

"Litakwenda kwingine."

Akatikisa kichwa taratibu. Nikamwuliza, kwa sauti ambayo sikutaka iwe ya kulaumu, kwa nini yule dada alimwambia kweli na mimi akanificha.

"Yule hanijui," akasema. "Yule ni kama nesi, unamwonyesha kidonda, anaandika, anakwenda zake. Wewe umenipigia hodi. Umevua viatu. Umeniambia shikamoo kwa sauti ya kwetu. Halafu nikwambie nini? Kwamba wanangu wanalala na chai ya rangi? Kesho umempigia simu mama yako: nimemwona fulani huko Joni, amedhalilika. Hata, baba. Hata kama ni wewe usingesema."

"Mimi ningesema."

"Ungesema?" Akaguna. "Haya."

Akaingia nyuma ya pazia. Nilisikia mfuniko wa sufuria. Alitoka na sahani ya wali mkavu wenye maharage machache juu, akaiweka mbele yangu, na mimi, niliyekuwa sijatia kitu kinywani tangu jana yake, nikasema bila kufikiri, "Hapana, mama, nashukuru. Nimeshiba."

Alinitazama. Kisha akacheka, kicheko kile kile cha siku ya kwanza, hadi akapangusa macho kwa khanga.

"Umeona? Umeona inavyotoka yenyewe? Wala hukuitafuta."

Aliwaita mabinti, wakaingia wakasimama kando ya sahani, na mdogo akaniuliza kwa Kiingereza kama mimi sili. Nikamwambia nimeshiba. Nilibaki hapo nikiwatazama wakila, na tumbo langu likilia kwa sauti ambayo nina hakika mama aliisikia, naye kwa heshima akaifunika kwa kukanyaga pedali ya cherehani mpaka wakamaliza.

Majiko yamefunguliwa. Nimeyaona, ni mazuri, yana masufuria makubwa na mistari ya watoto wanaosukumana. Yapo kule ambako watu waliulizwa na watu wasiowajua. Kutoka mteremkoni ni mbali kwa miguu ya mtoto, na hao mabinti, ambao huko mtaani hutaniwa kwa ugeni wao, hawaendi. Mama bado anashona. Mimi bado nina kazi yangu, na kila safu ya hapana ninayopelekewa sasa, kutoka mji wowote, ninaitazama nikijiuliza ni ngapi kati yake zilisemwa juu ya sahani. Sijui namna ya kujua. Nimesoma vitabu vya kitaalamu vinavyozungumzia kosa hili. Vinalipa jina na fomula, na hakuna fomula iliyonieleza nitarudi vipi kwa yule mama na kumwambia kwamba sasa yumo.

Kwa hiyo nina ombi moja kwako unayesoma. Siku moja kijana mwenye kishikwambi atapiga hodi kwako kukuuliza kama mmekula. Huenda akawa wa kwenu, huenda akakuamkia vizuri. Usimpe chai. Mwache akae kwenye kreti, na mwambie kweli.